Mapacha wawili, kirusi kimoja, na mhudumu anayeitwa Mama Pua

Saa mbili asubuhi wodi ya watoto wachanga ina kila aina ya sauti. Kuna anayelia, kuna anayekohoa, kuna kijiko kimeanguka chini na mtu anakitafuta chini ya kitanda. Mwanamke mmoja mnene, aliyevaa gauni la kijani na viatu vya mpira, hasikilizi lolote kati ya hayo. Ameinama kwenye kitanda cha pembeni, sikio karibu na uso wa mtoto wa kike ambaye bado hajatimiza miezi miwili.

"Ngoja kwanza," anasema bila kumtazama mtu. "Ni ya kushoto."

Anadondosha maji ya chumvi kwenye tundu la pua la kushoto. Anasubiri. Anakanyaga swichi iliyoko sakafuni, mashine inanguruma, naye anaupitisha mrija mwembamba puani kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Mtoto anarusha mateke na kupiga yowe. Mama yake anafunika uso kwa viganja.

Halafu mashine inazimwa. Mtoto anahema mara kadhaa, anatafuta titi, analipata, anaanza kunyonya kama mtu aliyesafiri kutwa nzima bila kula.

"Haya sasa," anasema mhudumu huku akivua glavu. "Si nilikwambia ana njaa? Ni pua tu ilikuwa inamgombeza."

Hospitalini hapa hakuna anayemwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kuanzia walinzi wa getini hadi daktari mkuu, wote wanamjua kama Mama Pua. Yeye mwenyewe ameshazoea.

"Wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza," anasema na kucheka. "Mimi nimeitwa kwa kiungo. Bora wangesema hata jicho, ningejiona mrembo."

Kazi yake ni kusafisha pua za watoto wachanga waliolazwa kwa matatizo ya kupumua. Kwa anayepita mlangoni inaweza kuonekana kazi ndogo. Lakini mtoto wa umri huo anapumua zaidi kwa pua kuliko kwa mdomo, na hawezi kunyonya na kutafuta hewa kwa wakati mmoja pua ikiwa imeziba. Akishindwa kunyonya anaishiwa nguvu, na akiishiwa nguvu hana tena cha kupigania pumzi.

Msimu wa mafua unapoingia, vitanda havitoshi. Watoto hulala wawili wawili, na Mama Pua huzunguka kutoka kitanda hadi kitanda hadi magoti yake yaanze kulalamika.

"Watu wanadhani nina dawa kwenye ule mrija," anasema. "Sina. Na nikwambie ukweli, hata daktari hana."

Daktari wa watoto wa wodi hiyo, mwanaume mwembamba mwenye sauti ya chini, anakubaliana naye bila kusita.

"Virusi vingi vinavyoshambulia vifua vya watoto hatuna dawa ya kuviua," anaeleza. "Tunampa mtoto oksijeni, tunampa maji, tunamsafisha pua, tunasubiri. Anayefanya kazi yenyewe hasa ni mtoto. Sisi tunamshikia taa."

Ni kwa sababu ya kusubiri huko ndipo Mama Pua alipojikuta, mwaka jana, ameketi mbele ya hadubini kwa mara ya kwanza maishani mwake.

*

Hakuanza na mrija. Alianza na fagio.

Aliajiriwa hospitalini kama mfagizi, akipiga deki wodi hii hii. Msimu mmoja mbaya wauguzi walipungua, wengine wakiugua mafua yale yale ya watoto, na muuguzi mkuu wa wakati huo akamkuta amesimama na ndoo akimtazama mtoto aliyekuwa anahangaika.

"Akaniuliza, wewe una mikono misafi? Nikamwambia mama, mimi kutwa nzima mikono yangu iko kwenye sabuni. Akanipa glavu. Akanionyesha. Mtoto wa kwanza nilimsafisha huku nalia kuliko yeye."

Baadaye alipelekwa kwenye mafunzo, akapewa cheti, na akapandishwa kuwa mhudumu wa wodi. Fagio alimwachia mwingine, ingawa mpaka leo akiona uchafu kwenye kona anashindwa kujizuia.

Mumewe, fundi wa makochi, anasema kazi hiyo imemfuata mpaka nyumbani.

"Nikikoroma ananiamsha na kuniambia tundu la kulia limeziba," anasema. "Siku moja ataniletea ile mashine yake, najua."

Wamelea watoto wao wote mpaka wakajitegemea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa kifua. Mama Pua analitaja hilo kwa sauti ya mtu asiyejisifu.

*

Mapacha waliletwa asubuhi moja ya mvua. Walikuwa na miezi mitatu, wa kike na wa kiume, na tangu kuzaliwa hakuna aliyeweza kuwafananisha.

Wa kike, aliyezaliwa kwanza, aliitwa nyumbani Kelele. Jina lilimfaa. Wa kiume walimwita Mzee kwa sababu alikuwa anatazama watu kwa utulivu mkubwa, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayesikiliza kesi.

Wote wawili walikuwa na mafua. Kelele alikuwa anapiga chafya, kamasi zinamtoka, analia apendavyo na kunyonya apendavyo. Mzee alikuwa ameacha kunyonya tangu jana yake. Kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama katikati ya mbavu, na tumbo lilipanda na kushuka kwa kasi.

"Nilimtazama mmoja, nikamtazama mwenzake," anakumbuka Mama Pua. "Nikajiuliza, hawa wamelala kitanda kimoja, wamenyonya mama mmoja. Imekuwaje huyu anacheza na huyu anazama?"

Vipimo vilionyesha kirusi kilekile puani mwa wote wawili.

Mama yao alikuwa binti mdogo, mshona nguo, na huo ndio ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alikuja na mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyevaa miwani, ambaye alibeba mfuko wa nguo za watoto na maneno mengi.

"Nilimwambia," mama mkwe alimweleza daktari kabla hajaulizwa. "Nilimwambia mtoto haogeshwi mlango ukiwa wazi. Na maji yale yalikuwa yamepoa. Nilimwambia, akaniona mshamba."

Binti alikuwa amemkumbatia Kelele huku macho yote yako kwa Mzee.

"Mama," daktari akasema kwa upole, "kirusi hakiletwi na maji. Kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Na sasa hivi kimejaa mji mzima."

"Sawa, daktari," mama mkwe akasema, kwa ile sauti ya mtu anayekubali kwa heshima tu.

Mzee akawekewa mrija wa oksijeni. Mama Pua akamsafisha pua, akangoja, akamsafisha tena. Kidogo alinyonya. Jioni alikataa. Kesho yake alikuwa hivyohivyo, na kesho kutwa hali yake ikawa mbaya zaidi.

Ilikuwa mchana, jua limewaka baada ya mvua, wodi imetulia kwa kuwa watu wengi walikuwa wametoka kwenda kula. Mama Pua alikuwa upande wa pili akimhudumia mtoto mwingine. Anasema alichokisikia ni ukimya.

"Mtoto anayehangaika ana sauti yake. Anaguna. Mzee alikuwa anaguna tangu asubuhi, nikawa nimeizoea ile sauti mgongoni mwangu. Mara ikakatika. Nikageuka."

Mzee alikuwa ametulia, midomo imegeuka rangi. Mama yake, aliyekuwa hajalala vizuri kwa siku kadhaa, alifikiri mwanawe hatimaye amepata usingizi.

Mama Pua hakumbuki kama alitembea au alikimbia. Alimpiga kidole kwenye unyayo, akamsugua mgongo. "Mzee! Mzee, baba, usinifanyie hivyo!" Mtoto akashtuka, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Halafu akasita tena.

Daktari alifika muda huohuo, na wauguzi nyuma yake. Walimbadilishia mrija, wakamwekea kifaa kinachosukuma hewa puani wakati wote ili mapafu yasijifunge. Mwisho wa mrija wake huzamishwa kwenye chupa ya maji, na hewa ikipita maji huchemka kwa mapovu. Wodini wanaiita chupa ya mapovu.

Mapovu yakaanza. Mbavu zikaendelea kuzama, lakini hazikuzama kama mwanzo.

Binti alikuwa amesimama ukutani. Alipoweza kusema, alisema jambo moja tu, na hakulisema kwa daktari. Alimgeukia Mama Pua.

"Nilifikiri amelala. Dada, mimi ni mama wa namna gani?"

Mama Pua alimshika mkono, wakasimama wote wawili wakitazama mapovu.

*

Hospitali hiyo ina kikundi cha watafiti wanaochunguza jambo lilelile alilojiuliza Mama Pua: kwa nini kirusi kimoja kinamwangusha mtoto mmoja na kumwacha mwingine na mafua ya kawaida. Mapacha wa jinsi hii hawapatikani kila siku. Daktari alizungumza na wazazi wote wawili, akawaeleza kwamba wanaweza kukataa na watoto watahudumiwa vilevile. Walikubali.

Kazi ya kuchukua sampuli ilimwangukia Mama Pua, kama kawaida. Kwa brashi ndogo laini, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, aligusa ndani ya pua ya Kelele, kisha ya Mzee, akatumbukiza kila brashi kwenye kichupa chake chenye maji ya uvuguvugu, akavipeleka maabara mwisho wa korido.

Miaka yote hiyo alikuwa akipitisha vichupa kwenye kidirisha na kurudi wodini. Hakuwahi kuingia. Hakuna aliyemkataza. Hakuona tu sababu.

Siku hiyo mtaalamu wa maabara, mwanamke kijana wa rika la watoto wake, alimwita kabla hajageuka.

"Mama Pua, una dakika? Njoo uone ulicholeta."

"Makamasi nimeyaona maisha yangu yote, mwanangu."

"Haya hujayaona."

Akamvalisha koti jeupe lililombana mikono. Akamketisha, akamwonyesha pa kuweka macho. Mwanzoni Mama Pua aliona kope zake mwenyewe tu. Akarekebishiwa. Akaona mwanga. Kisha ndani ya ule mwanga kukawa na kitu kinachocheza.

"Nikamwuliza, nani anatikisa meza? Akacheka. Akasema meza haitikisiki. Hizo ziko hai."

Zilikuwa seli kutoka pua ya Kelele. Juu ya kila seli kulikuwa na vijinywele vifupi vingi, vyembamba mno, na vyote vilikuwa vinapiga upande mmoja, haraka na kwa pamoja, vinainama na kuinuka kama shamba la nyasi upepo unapopita juu yake. Ila hapakuwa na upepo. Chembe moja ya uchafu ilikuwa juu ya vijinywele hivyo, nayo ikawa inasukumwa, inasukumwa, mpaka ikatoka nje ya duara la mwanga.

"Ndivyo pua na koo vinavyojifagia," mtaalamu akamweleza. "Mchana na usiku, hata mtoto akilala. Vinasukuma kamasi, na kamasi linabeba vumbi na vijidudu."

Mfagizi wa zamani akainua uso. "Wanafagia?"

"Wanafagia, mama."

Akarudisha macho. Alitazama kwa muda mrefu. Mtaalamu anasema alimwacha, akaendelea na shughuli nyingine, na alipogeuka akamkuta bado yuko palepale, mdomo wazi.

Halafu wakaweka kioo chenye seli za Mzee.

Hapo palikuwa na hali nyingine. Sehemu kubwa ya seli zilikuwa kipara, kirusi kimekata vijinywele vyake. Vipande vya seli zilizokufa vilielea. Lakini pembeni kulikuwa na kikundi kidogo kilichobaki na vijinywele, na hivyo vilikuwa bado vinapiga. Polepole, kwa kuyumba, lakini vinapiga. Na katikati ya uharibifu ule zilikuwepo seli nyingine za duara, zinatambaa zenyewe, zinajivuta kuelekea palipoharibika.

"Hizo zimetoka kwenye damu," akaambiwa. "Zimeitwa."

"Zimeitwa na nani?"

Mtaalamu akavuta kiti. Alimweleza kwa lugha ya kawaida, na Mama Pua anairudia kwa mwandishi huyu karibu neno kwa neno, huku akihesabu kwenye vidole. Kwamba seli ya kwanza kabisa kuingiliwa na kirusi haifi kimyakimya. Inatoa kemikali ya tahadhari. Jirani zake wakiipata, wanafunga kazi zao za kawaida na kuanza kutengeneza vitu vya kukizuia kirusi kisizaliane, hata kabla hakijawafikia. Wengine wanaita msaada kutoka kwenye damu. Yote hayo yanaanza ndani ya saa chache, mama akiwa hajaona hata chafya.

"Nikamwuliza, na mtoto wa miezi mitatu amejifunza wapi hayo? Hajawahi kukutana na hicho kirusi. Akaniambia hajajifunza popote. Amezaliwa nayo. Kuna kinga nyingine, ile inayokumbuka adui wa zamani, mtoto anaijenga pole pole akikua, na chanjo zinamsaidia. Lakini hii ya kwanza anakuja nayo kutoka tumboni."

Anajifuta uso kwa mkono.

"Mimi nimeshika watoto maelfu. Nikajua nashika viumbe visivyojua lolote. Kumbe!"

Kwa mujibu wa daktari, sampuli za mapacha zilionyesha kwamba tahadhari puani mwa Kelele huenda ililia mapema, kirusi kikabanwa kikiwa bado kidogo. Kwa Mzee huenda ilichelewa. Kirusi kikashuka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa kifuani, na msaada ulipokuja ukaja kwa wingi kupita kiasi. Vijia vya mtoto mchanga ni vyembamba mno, na uvimbe kidogo tu unaviziba.

"Lakini nakuomba uandike vizuri," daktari anaonya. "Mapacha wawili hawathibitishi kitu. Kwa nini kwa mmoja ichelewe na kwa mwingine iwahi, bado hatujui vya kutosha. Tunachokijua ni kwamba mama yao hakufanya kosa."

Mama Pua alipotoka maabara hakurudi wodini moja kwa moja. Aliketi kwenye benchi la korido. Muuguzi mmoja aliyepita alidhani amepata habari ya msiba.

Ulikuwa ni msiba kweli, ila wa zamani.

Alipokuwa msichana mdogo, mdogo wake wa kiume alikufa kwa kifua akiwa bado ananyonya. Jirani mmoja alisema ni baridi iliyoingia dirishani. Hakusema kwa ubaya, alisema tu, kama watu wanavyosema. Mama yake aliliamini neno hilo maisha yake yote. Hakuwahi tena kulala dirisha likiwa wazi, hata wakati wa joto kali, hata alipokuwa bibi kizee anayetiririka jasho.

"Mama alikufa akijua kosa ni lake," anasema Mama Pua. "Hakuna aliyemwambia kwamba mle ndani ya kifua cha yule mtoto kulikuwa na vita kubwa, na kwamba yule mdogo wangu alipigana. Alipigana kweli. Hakuzimika tu kama mshumaa."

*

Mzee alikaa kwenye chupa ya mapovu siku kadhaa. Mama Pua aliomba apangiwe kitanda cha Mzee, na muuguzi wa zamu akapanga hivyo. Alimsafisha pua, akamgeuza, akamsafisha. Katikati alimzungumzisha.

"Nilikuwa namwambia, fagia, baba, fagia. Wauguzi wakaniona nimechanganyikiwa."

Badiliko lilikuja bila kelele. Asubuhi moja mbavu zilikuwa zimeacha kuzama. Mchana wake alifumbua macho, akakunja paji la uso, akamtazama Mama Pua kwa ile namna yake ya kusikiliza kesi. Kisha akapiga chafya.

"Kamasi likanipata hapa," anasema akigusa kidevu. "Nilifurahi kama nimetunzwa mbele za watu. Mama yake akasema pole dada. Nikamwambia pole ya nini? Huyu ameanza kufukuza wageni mwenyewe!"

Siku ya kuruhusiwa, mama mkwe alikunja nguo za watoto mfukoni. Kwa binti hakuwa na maneno mabaya tena, lakini hakuwa na mazuri pia. Mlangoni alimwambia, "Nyumbani maji nitachemsha mimi." Binti akaitikia, "Sawa, mama," akainamisha kichwa.

Mama Pua alilisikia hilo. Anakiri lilimkaa rohoni.

Hivyo, walipotakiwa kurudi kliniki baada ya mwezi na kitu, alikwenda mwenyewe kwa daktari, kisha kwa mtaalamu wa maabara, akiwa na ombi. Sampuli ya Mzee itachukuliwa tena. Je, mama yake anaweza kuiona?

"Na bibi yake," aliongeza. "Bibi hasa."

Walikuja wote. Mzee alikuwa amenenepa. Kelele alikuwa anawapigia yowe watu wote wa kliniki bila ubaguzi. Mama Pua alitumia brashi, Mzee akamkunjia uso, na dakika chache baadaye wanawake watatu walisimama kwenye maabara wamevaa makoti meupe, la mmoja wao likiwa bado linambana.

Binti alitazama kwanza. Mtaalamu alimweleza anachokiona, na kwamba mara ya kwanza palikuwa kipara.

"Sasa vimerudi?" binti akauliza, macho hayatoki kwenye hadubini.

"Vinaota tena. Karibu vyote."

"Mmempa dawa ya kuviotesha?"

"Hapana. Ni yeye mwenyewe."

Binti akaanza kulia pale pale, bila sauti. Machozi yakalowesha mahali pa kuwekea macho, na ikabidi mtaalamu apafute kabla bibi hajakaa.

Bibi alivua miwani. Akainama. Alitazama, akainua uso kidogo, akarudi kutazama tena. Daktari alikuwa ameingia na kusimama nyuma yao.

"Daktari," bibi akasema hatimaye, bado ameinama, "ulisema kinatoka kwa mtu."

"Ndiyo, mama."

"Wiki ile kabla hawajaugua, mimi ndiye niliyekuwa na mafua. Yalianzia kwangu. Nilikuwa nawabusu."

Mama Pua anasema aliogopa, kwa sababu lawama ilikuwa imepata mtu mpya wa kukaa juu yake, na sasa zamu ya kusema ilikuwa ya binti. Wiki zote zile za kuinamisha kichwa, angeweza kuzirudisha kwa neno moja.

Binti alijifuta uso.

"Mama," akasema, "nyumba nzima tulikuwa tunapiga chafya. Hata baba yao. Hata mimi. Nani angejua?"

"Nikakwambia ni maji."

"Ulisema."

"Si maji."

"Si maji, mama. Wala si wewe."

Bibi alivaa miwani yake. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaisuuza, akanawa tena. Kisha akaja na kunyoosha mikono yake iliyokuwa bado inadondosha maji.

"Nipe mume wangu," akasema.

Binti akampa Mzee.

*

Tangu siku hiyo Mama Pua amekuwa na mpango, na anausimamia kwa ukaidi.

Kwa idhini ya wazazi, mtaalamu wa maabara alirekodi filamu fupi ya seli zile, za mara ya kwanza na za mara ya pili. Hospitali imekubali kufunga televisheni ya zamani kwenye ukuta unaotazamana na benchi la akina mama. Vyuma vya kuishikilia vimeshapigwa. Anayesubiriwa ni fundi umeme.

"Akina mama wanakaa pale wamekunja mikono wanajilaumu," anasema. "Mmoja anasema ni feni, mwingine anasema ni maziwa yangu mepesi. Mimi nataka wakae waone. Halafu nitawafundisha kunawa mikono, na maji ya chumvi, na dalili za hatari, mbavu zikizama wasingoje. Mtu aliyeacha kujilaumu ana nafasi kichwani ya kusikia."

Anatamani pia kusoma zaidi kuhusu huduma ya upumuaji, japo anasema umri umesogea na magoti yanapiga kura ya hapana. Daktari anasema nafasi ikipatikana jina lake litakuwa la kwanza.

Mazungumzo yanakatizwa. Mlangoni ameingia msichana amebeba mtoto kwenye blanketi, nyuma yake mwanaume mwenye mfuko. Mtoto anahema haraka, pua imeziba kabisa. Muuguzi anampokea, kipimo kinafungwa kidoleni, namba zinasomwa. Anahitaji oksijeni kidogo na kusafishwa pua. Mama Pua ameshavaa glavu.

Anafanya kazi yake. Matone, kusubiri, mashine, yowe. Mtoto anatulia, mrija wa oksijeni unabandikwa shavuni. Lakini msichana bado amelikumbatia lile blanketi.

"Sijui nimekosea wapi," anasema. "Sijui nilifanya nini."

Mama Pua anavua glavu, ananawa, anatoa simu kwenye mfuko wa gauni. Anatafuta, anabonyeza, anaishika mbele ya uso wa yule msichana.

"Tazama hii kwanza. Kulia tutalia baadaye."

Msichana anatazama. Kwenye kioo kidogo cha simu, vijinywele vinainama na kuinuka, vinainama na kuinuka. Mwanaume mwenye mfuko naye anasogeza kichwa.

"Ni nini hiki?" msichana anauliza.

"Pua ya mtoto," anasema Mama Pua. "Hata ya huyu wako iko hivyohivyo, sasa hivi tunavyoongea. Mkalie karibu. Yuko kazini."